Sharti la Nyumba za Bei Nafuu Katika Mitaa Mipya: Somo kwa Vyama vya Msingi



Somo letu la safari hii halihusu mizani, wala leja, wala makato ya wakulima. Linahusu nyumba. Najua wapo watakaouliza chama cha wakulima wa miwa au cha akiba na mikopo kinahusikaje na nyumba za watu. Jibu ni kwamba nyumba husimama juu ya ardhi, na katika sehemu zetu za Ruaha, Mikumi na Kilosa ardhi iliyo karibu na barabara, karibu na kiwanda na karibu na stesheni iko mikononi mwa watu watatu: serikali ya kijiji au Halmashauri, mwanachama mmoja mmoja, na chama chenyewe. Anapofika mjenzi mwenye fedha akitaka kujenga nyumba hamsini au mia za kuuza, hana budi kuzungumza na mmoja wa hao watatu. Yafaa basi tujue la kumwambia kabla hajabisha hodi.

Jambo tutakalojifunza ni hili: kumtaka mjenzi wa mtaa mpya atenge sehemu ya nyumba zake kwa watu wa kipato cha chini, kwa bei au kodi wanayoimudu. Nchi kadhaa zimelifanya kuwa sheria. Kwetu halijawa sheria ya taifa, lakini hakuna kinachozuia kijiji, Halmashauri au chama kuliweka kama sharti katika mapatano yake.

Kwa nini sasa

Kila msomaji wa ukurasa huu ameyaona mabadiliko kwa macho yake. Treni za reli ya kisasa zilianza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, na Kilosa ni mojawapo ya stesheni zake. Upande wa Ruaha, upanuzi wa Kiwanda cha Sukari cha Kilombero uliotangazwa mwaka 2021 ulikusudiwa kupandisha uzalishaji kutoka tani zipatazo 127,000 za sukari kwa mwaka hadi tani 271,000. Mikumi nayo imekaa juu ya barabara kuu ya kwenda Iringa, Mbeya na Zambia, kando ya hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1964, na hapo ndipo inapochepuka njia ya kwenda Kidatu na Ifakara.

Mahali pa namna hii bei ya kiwanja hutangulia kupanda kabla mshahara haujapanda. Mwenye kiwanja hufurahi, na ana haki ya kufurahi. Lakini watazameni wengine: kibarua wa kukata miwa anayepanga chumba kwa msimu, mwalimu aliyehamishiwa shule ya kata, muuguzi wa zahanati, mama lishe wa kando ya kiwanda, na mtoto wa mkulima ambaye shamba la baba yake limekwisha kugawanywa kwa ndugu sita. Hao wote hupanga. Mtaa mpya ukijengwa kwa ajili ya watu wa kipato cha juu peke yao, hawa husukumwa nje zaidi, na nje zaidi kwetu maana yake aghalabu ni bondeni.

Juu ya bonde sina haja ya kueleza mengi kwa watu wa Kilosa. Mafuriko ya Mto Mkondoa yaliyoanza mwishoni mwa Desemba 2009 na kuendelea Januari 2010 yalizifukuza maelfu ya familia katika nyumba zao, na wengine waliishi katika mahema kwa muda mrefu. Kiwanja cha bondeni ni rahisi kwa sababu maji yamekwisha kukitia alama. Kwa hiyo tunaposema nyumba ya bei nafuu, tusihesabu ile ambayo unafuu wake unalipwa kwa kuhama kila masika.

Maana ya bei nafuu

Neno nafuu ni neno la wagonjwa pia. Mgonjwa akipata nafuu hajapona, ila hali yake ni afadhali kuliko jana. Wajenzi wengi hulitumia neno hili kwa maana hiyo hiyo: nyumba ya shilingi milioni 60 huitwa ya bei nafuu kwa kuwa ya jirani yake ni milioni 90. Hesabu ya namna hiyo huanzia mahali pasipo pake. Bei nafuu hupimwa kutoka mfukoni mwa mnunuzi, wala si kutoka katika orodha ya muuzaji.

Kanuni inayotumika katika nchi nyingi ni kwamba gharama ya nyumba isizidi theluthi moja ya kipato cha kaya, au hata pungufu ya hapo. Tuchukue mtu apataye shilingi 300,000 kwa mwezi. Theluthi yake ni shilingi 100,000. Akikopa benki kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka na kulipa shilingi 100,000 kila mwezi kwa miaka 20, mkopo anaoweza kuumaliza ni kama shilingi milioni 7.6 tu. Katibu na aifanye hesabu hii ubaoni mbele ya wanachama, maana wengi hawataiamini. Kwa miaka hiyo 20 mtu huyu atatoa jumla ya shilingi milioni 24, na zaidi ya milioni 16 kati yake ni riba. Riba ikishuka hadi asilimia 8, malipo yale yale yangetosha mkopo wa kama shilingi milioni 12.

Sasa tugeuze. Nyumba ya shilingi milioni 25, ambayo mjenzi ataiita ya bei nafuu bila kupepesa macho, kwa riba ile ya asilimia 15 na muda ule wa miaka 20 inataka malipo ya kama shilingi 329,000 kila mwezi. Kwa kanuni ya theluthi, mnunuzi wake awe na kipato cha karibu shilingi 990,000 kwa mwezi. Mtumishi mwenye mshahara wa kiasi hicho aweza kuifikia. Mkata miwa hawezi.

Hapa ndipo penye kiini cha somo. Kama sharti letu litakuwa la nyumba za kuuza peke yake, tutakuwa tumewasaidia watu wa kati na kuwaacha walio chini kabisa pale pale walipo. Sharti lililo kamili laweza kuwa na sehemu tatu: nyumba chache za kuuza kwa bei iliyopunguzwa, vyumba vya kupangisha kwa kodi iliyowekewa ukomo, na viwanja vidogo vilivyopimwa, vyenye maji na njia, ambavyo mtu hujenga kidogo kidogo, leo msingi, mwakani ukuta, mwaka wa tatu bati. Watu wetu wengi wamejenga kwa mtindo huo wa mwisho, na sioni sababu ya kuudharau.

Wenzetu Wakenya wameliweka jambo la kipato wazi katika Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya mwaka 2024. Sheria hiyo inataja nyumba za jamii kwa mwenye kipato kisichofika shilingi 20,000 za Kenya kwa mwezi, nyumba za bei nafuu kwa mwenye kati ya 20,000 na 149,000, na kundi la tatu kwa aliye juu ya hapo. Njia yao ya kupata fedha ni tozo ya asilimia 1.5 ya mshahara, na mwajiri hulipa kiasi kama hicho, jambo lililoleta ubishi mkubwa mahakamani na mitaani. Mtu aweza kuipinga tozo ile na bado akakubali kwamba kuandika kipato kwa tarakimu ni bora kuliko kuandika maneno "wananchi wa hali ya chini", ambayo kila mtu hujiingiza ndani yake.

Yaliyotendeka kwetu

Tanzania si ngeni katika mambo haya. Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962, na Benki ya Nyumba ikaanzishwa mwaka 1972. Mwaka 1974 ukawekwa Mfuko wa Nyumba za Wafanyakazi na Wakulima, uliochangiwa na waajiri. Benki ile ilianguka mwaka 1995, na tangu hapo mtu wa kawaida amejijengea kwa akiba yake.

Linalotufaa zaidi ni la viwanja. Katika miaka ya 1970 Serikali, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ilipima na kuweka huduma katika viwanja vya Sinza, Kijitonyama na Mikocheni mjini Dar es Salaam, na mpango ukafika mikoani pia, Morogoro ikiwamo. Nia ilikuwa watu wa kipato cha chini. Mitaa ile imesimama vizuri hata leo, njia zake zimenyooka, na hilo ni jambo la kusifiwa. Lakini ulizeni bei ya kiwanja cha Sinza. Viwanja vingi viliishia kwa watu wenye uwezo, wengine kwa kupewa tangu mwanzo, wengine kwa kununua kutoka kwa waliopewa na kushindwa kujenga kwa kiwango kilichotakiwa. Hapakuwa na kizuizi chenye nguvu cha kuuza tena. Mradi wa viwanja 20,000 ulioanza Dar es Salaam mwaka 2002 nao ulipanua mji kwa utaratibu mzuri, lakini bei yake ilikuwa juu ya uwezo wa walio wengi.

Mfano wa pili ni wa Magomeni Kota. Familia 644 zilizokuwa wapangaji katika nyumba za zamani za Manispaa ziliondolewa ili nyumba zivunjwe na kujengwa upya. Eneo likakaa tupu kwa miaka. Mwaka 2016 Rais Magufuli aliagiza Serikali yenyewe ijenge, na akaahidi kwamba familia zile zitarudi na kukaa miaka 5 bila kodi. Majengo yalizinduliwa na Rais Samia Machi 2022, na wakaazi wa zamani wakapewa nafasi ya kurudi. Zingatieni tarakimu: 644. Ahadi hiyo iliweza kudaiwa kwa miaka yote ile kwa sababu ilikuwa na idadi na orodha ya majina. Kama ingesemwa tu kwamba "wakaazi wa zamani watafikiriwa", nadhani wangeendelea kufikiriwa hadi leo.

Mfano wa tatu ni wa ushirika wenyewe, nao ndio ninaoupenda kuliko yote. Bandari ya Dar es Salaam ilipohitaji kupanuliwa, watu wa Kurasini walihamishwa miaka ya 2007 na 2008. Fidia iliwahusu hasa wenye nyumba, na wapangaji wakabaki na vyombo vyao. Baadhi yao, wengi wakiwa akina mama waliokuwa katika vikundi vya kuweka akiba, waliungana na kununua ekari 30 huko Chamazi, upande wa Mbagala, wakaunda chama cha ushirika wa nyumba kiitwacho Muungano, kwa lengo la kukaa familia zipatazo 300. Walijifunza kufyatua matofali na vigae wao wenyewe. Walianza na nyumba ndogo ziwezazo kuongezwa vyumba baadaye.

Hilo ni jambo kubwa. Hata hivyo Chamazi ni mbali na Kurasini, na mtu aliyekuwa akiuza samaki au kupika chakula bandarini hakuhamisha wateja wake. Nauli ya kila siku ni sehemu ya gharama ya nyumba, hata kama haiandikwi katika mkataba. Chama kilifika Chamazi kwa sababu ardhi ya karibu ilikuwa imekwisha kuwa ya wengine. Sharti la nyumba za bei nafuu lina faida hii moja ambayo juhudi za wanachama peke yao huikosa: humweka mtu wa kipato cha chini ndani ya mtaa mzuri, karibu na kazi, wala si ukingoni mwa mji.

Wenzetu wa nje

Mfano unaotajwa sana ni wa jimbo dogo la utawala liitwalo Montgomery, katika Maryland, Marekani. Mwaka 1974 baraza lake lilipitisha sheria kwamba mjenzi wa nyumba 50 au zaidi atenge asilimia 15 kwa watu wa kipato cha wastani na cha chini, naye akaruhusiwa kujenga nyumba nyingi zaidi katika eneo lile kuliko mpango wa mji ulivyoruhusu. Zaidi ya nyumba 10,000 zimepatikana kwa njia hiyo. Lakini muda wa kudhibiti bei ulikuwa miaka 5 tu hapo mwanzo. Ilipopita, mwenye nyumba aliuza kwa bei ya soko na nyumba ikatoka mikononi mwa maskini moja kwa moja. Wakaongeza muda ukawa miaka 10, na kufikia mwaka 2005 ukawa miaka 30. Kwa nyumba zilizokwisha kutoka, marekebisho hayo yalikuja jioni.

Johannesburg, Afrika Kusini, iliamua mwaka 2019 kwamba mradi wa nyumba 20 au zaidi uwe na angalau asilimia 30 za aina hii. Ufaransa, kwa sheria ya mwaka 2000, iliitaka miji yake, kasoro ile midogo sana, ifikishe asilimia 20 ya nyumba za jamii, kisha mwaka 2013 kiwango kikapandishwa hadi asilimia 25 kwa iliyo mingi. Mji usiotimiza hutozwa fedha kila mwaka, na ipo miji ya matajiri iliyoona heri kulipa faini kuliko kumpokea jirani maskini. Tuliweke akilini hilo tutakapofika kwenye adhabu.

Sisi tuna nafuu moja ambayo Wamarekani hawana. Kwao ardhi ni mali ya mtu kabisa, na kila sharti juu yake ni ugomvi na mwenyewe. Kwetu umilikaji wa kudumu wa ardhi ulifutwa mwaka 1963. Ardhi ni mali ya umma chini ya udhamini wa Rais, na hati hutolewa kwa muda maalumu, usiozidi miaka 99, pamoja na masharti. Someni hati yoyote ya kiwanja: matumizi yametajwa, na muda wa kukamilisha ujenzi, kwa kawaida miezi 36, umetajwa. Kwa mintarafu hiyo, kumwongezea mjenzi wa nyumba mia sharti moja zaidi si kuleta ugeni wowote katika sheria zetu za ardhi. Ni kuitumia desturi iliyopo.

Nani hulipa tofauti

Hapa nawaomba Makatibu wasipite haraka, kwa kuwa ndipo palipo na ukweli mchungu.

Tuseme mjenzi anataka ekari 12 ili ajenge nyumba 60 na kuziuza kwa shilingi milioni 45 kila moja. Tunamwambia moja katika kila tano, yaani nyumba 12, iuzwe kwa milioni 25. Mapato yake yanapungua kwa milioni 20 mara 12, yaani milioni 240. Lakini nyumba hizo ni ndogo, vyumba viwili badala ya vitatu, na tuseme kila moja inampunguzia gharama ya ujenzi kwa milioni 12. Hizo ni milioni 144 alizookoa. Hasara halisi ni milioni 96.

Ataitoa wapi? Atasema atawapandishia bei wanunuzi wale wengine 48. Milioni 96 ikigawanywa kwa 48 ni milioni 2 kwa nyumba. Lakini kama soko la Ruaha lingelipa milioni 47, angekwisha kuuza kwa milioni 47 tangu mwanzo. Mfanyabiashara haachi fedha mezani akisubiri sisi tumtungie sharti. Kwa hiyo, kama sharti linajulikana kabla ya kununua ardhi, mjenzi hufanya hesabu yake na kushusha bei atakayoilipia ardhi. Milioni 96 ikigawanywa kwa ekari 12 ni milioni 8 kwa ekari. Anayelipa basi ni mwenye ardhi. Na mwenye ardhi huenda ni chama chenu, au ni mwanachama wenu.

Mkutano Mkuu uambiwe hivyo waziwazi. Wapo watakaosema ardhi ni yetu na bei kamili ni haki yetu, nao si wabaya. Maoni yangu ni kwamba chama kilichonunua ardhi kwa makato ya wanachama wote, wakiwamo wale wasio na nyumba, hakitendi vibaya kikipokea milioni 8 pungufu kwa ekari ili watoto wa wanachama hao wapate pa kukaa. Kwa ardhi ya mwanachama binafsi, chama hakina mamlaka ya kumpunguzia mtu bei ya mali yake. Hilo laweza kuwekwa na Halmashauri peke yake, kwa wote sawasawa, kupitia mpango wa mji.

Sharti likija baada ya ardhi kulipiwa, mambo hubadilika. Mjenzi amekwisha kulipa bei kubwa, na hana pa kuipunguzia. Atasimamisha kazi, au atakwenda kutafuta mkubwa wa kumwondolea sharti. Ndiyo sababu ya kusisitiza wakati: sharti lisemwe kabla ya kupima, kabla ya bei, kabla ya mtu yeyote kupokea malipo ya awali.

Yapo pia ya kumpunguzia mzigo bila kuchukua fedha ya mtu. Mpango wa mji ukikubali viwanja vidogo zaidi au nyumba zilizoungana, ekari zile zile 12 zitabeba nyumba nyingi zaidi, na mradi utalipa pande zote. Afisa Mipango Miji wa Halmashauri ndiye wa kuulizwa, naye aulizwe mapema.

Namna ya kuandika

Katika ukaguzi nilipata kusoma muhtasari wa chama kimoja, ambacho sitakitaja, kilichokuwa kimeuza eneo lake kwa mjenzi. Muhtasari ulisema: "Suala la nyumba nafuu litazingatiwa." Mkataba haukusema neno. Mjenzi hakuvunja ahadi yoyote, kwa kuwa hakuna iliyoandikwa. Nyumba zilijengwa, fensi ikawekwa, na wanachama wakawa wanapita nje ya fensi. Mali bila daftari huisha bila habari, na ahadi nayo ni hivyo hivyo.

Mkataba utaje idadi ya nyumba, si asilimia peke yake, pamoja na ukubwa wa kila moja. Utaje mahali zitakapokaa katika mchoro, zikichanganyika na nyingine, zisirundikwe zote nyuma kando ya korongo. Utaje kipato cha wanaostahili kwa tarakimu, na namna ya kurekebisha tarakimu hizo bei za vitu zinapopanda.

Utaje mfuatano wa kazi. Hili husahauliwa kuliko yote. Mjenzi hupenda kuanza na nyumba za bei kubwa na kuacha zile 12 mwisho, na mwisho huo fedha huwa zimekwisha. Iandikwe kwamba asikabidhi nyumba ya 30 ya bei kubwa kabla nyumba 6 za bei nafuu hazijakamilika, wala asikabidhi zile za mwisho kabla hazijatimia zote 12.

Kuuza tena kuwekewe masharti kwa muda mrefu. Mimi napendekeza miaka 30, na kwamba mwenye nyumba akitaka kuhama, chama kiwe na haki ya kwanza ya kuinunua kwa bei aliyonunulia pamoja na nyongeza iliyopangwa na gharama ya matengenezo yanayothibitika. Atapata stahili yake bila kupata faida ya kubahatisha. Zuio hili lisiishie katika faili la chama. Mwanasheria wa Halmashauri au wakili aulizwe namna ya kuliingiza katika hati na kulisajili, ili mnunuzi wa baadaye asiseme hakujua. Na adhabu iwe kubwa kuliko faida ya kuvunja sharti, kwa sababu ile tuliyoiona Ufaransa.

Kuhusu orodha ya watakaopewa, nasema kwa ufupi na kwa uzito. Orodha ibandikwe ukutani. Mjumbe wa Bodi, mtumishi wa chama na jamaa zao wa karibu wasiwemo katika kamati ya kuchagua, na kama mmoja wao anastahili kwa kipato, ombi lake lisomwe mbele ya Mkutano Mkuu. Idadi ya waombaji ikizidi nyumba, ipigwe kura ya bahati hadharani. Nimeona mikopo ya pembejeo ilivyoweza kupinda kwa kuwa majina yalijulikana na watu wanne tu, na nyumba ina thamani kuliko mfuko wa mbolea.

Mwisho wa sehemu hii, kuna sheria. Sheria ya Vyama vya Ushirika Na. 6 ya mwaka 2013 inakitambua chama cha nyumba kuwa aina mojawapo ya vyama vya ushirika, kwa hiyo wanachama wanaotaka kujenga wenyewe waweza kuandikisha chama cha namna hiyo badala ya kukitwika chama cha mazao kazi isiyo yake. Eneo la chama haliuzwi wala kukodishwa kwa sahihi ya Mwenyekiti na Katibu peke yao: ni uamuzi wa Mkutano Mkuu, na Mrajis ahusishwe kabla ya mkataba kutiwa sahihi. Ardhi ya kijiji nayo ina njia yake, Halmashauri ya Kijiji na Mkutano Mkuu wa Kijiji, chini ya Sheria Na. 5 ya mwaka 1999.

Maswali ya kujadiliwa vikundini

Kila kikundi kichague mwandishi, na majibu yaletwe na Katibu katika mkutano wa robo mwaka. Je, chama chenu kina eneo gani lisilotumika, liko wapi, hati yake iko kwa nani, na masharti yake yanasemaje? Kati ya wanachama na watoto wao waliokwisha kujitegemea, wangapi wanapanga, na wanalipa kodi kiasi gani kwa mwezi? Mjenzi akija kesho akitaka ekari 12, mngekubali kupunguza kiasi gani cha bei kwa ekari ili kupata nyumba 12, au mngependelea vyumba 30 vya kupangisha, au viwanja 40 vidogo? Fanyeni hesabu ya kila jibu kwa mfano wa mtu wa shilingi 300,000, na mwingine wa kipato ambacho ninyi wenyewe mwakijua ni cha kawaida kijijini kwenu. Na je, ni sehemu zipi za kata yenu zilizofikwa na maji katika mafuriko mnayoyakumbuka? Wazee waonyeshe, na Katibu azichore katika ramani, kwa maana swali hilo la mwisho litaulizwa na mpimaji, na ni vizuri jibu likawa tayari.